Mombasa Iandikwe: Jinsi ya Kujadiliana Mkataba wa Usafiri wa Anga Baina ya Serikali Mbili

Ndege ya abiria yenye ratiba haitui Mombasa kwa sababu fukwe zetu ni nzuri, wala kwa sababu shirika fulani limependa kuja. Inatua kwa sababu serikali mbili zilikaa mezani zikaandika: mashirika yenu yataruka kutoka kwenu hadi hapa, mara kadhaa kwa wiki, yakibeba hiki na kile. Msingi wake ni Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944. Kifungu cha 1 kinasema kila nchi ina mamlaka kamili na ya pekee juu ya anga yake. Kifungu cha 6 kinasema hakuna safari ya kimataifa yenye ratiba itakayoingia nchi nyingine bila ruhusa ya nchi hiyo. Ruhusa hizo hutolewa nchi kwa nchi, kwa mazungumzo.

Ndege za kukodi, zile za chata zilizotuletea watalii wa Kijerumani na Kiitaliano miaka na miaka, zina njia yao: zinaomba kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, yaani KCAA, bila kungoja mkataba wa nchi mbili. Ndiyo maana Pwani iliweza kuishi kwa chata muda mrefu bila kujua mikataba inasemaje. Lakini chata huja na msimu na huondoka na msimu. Mwenye duka, mgonjwa anayekwenda kutibiwa, kijana anayefanya kazi Ghuba na hujaji wa umra, wote hao wanahitaji ndege ya ratiba.

Nimewaandikia vijana wanaoanza kazi wizarani na katika mamlaka, na zaidi watu wa Pwani wenyewe: wenye hoteli wa Diani na Watamu, mawakala wa safari, wasafirishaji wa samaki, maafisa wa kaunti. Hawa ndio wanaoumia mkataba ukiandikwa vibaya, na mara nyingi ndio wasioulizwa.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta kabla ya kuomba mkutano

Usianze na "tunataka ndege zaidi". Anza na watu. Abiria wangapi kwa mwaka huanzia au kuishia Mombasa wakiwa na safari ya nje, hata kama leo wanapitia Nairobi, Addis Ababa au Istanbul? Mgeni anayeshuka Nairobi kisha akapanda ndege ya ndani au treni ya SGR mpaka Miritini huhesabiwa kuwa abiria wa Nairobi, na Pwani haionekani kwenye takwimu. Kwa hiyo zifuate namba huko ziliko: vitabu vya wageni vya hoteli, mauzo ya mawakala, vikundi vya hija na umra, mawakala wa ajira wa Ghuba. Hesabu pia walio nje ya kisiwa. Uwanja wa ndege wa Moi, ulioko Mombasa, unahudumia Kilifi, Malindi, Kwale na hata watu wa upande wa Lunga Lunga na Tanga.

Kisha gawa kwa miezi. Sote tunajua hoteli hujaa wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, na hupungua masika yakiingia Aprili na Mei. Mashirika ya ndege nayo hupanga ratiba kwa misimu miwili: ile ya kiangazi cha Ulaya huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na ya baridi huanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mjumbe anayeijua kalenda hii anaweza kudai safari za msimu, ambazo upande wa pili hukubali kwa urahisi kuliko safari za mwaka mzima.

Usisahau mizigo. Samaki, pweza na maembe haviombi viza, lakini vinahitaji nafasi tumboni mwa ndege au ndege yao wenyewe.

Hatua ya 2: Usome mkataba uliopo

Huenda mkataba upo tayari, ukiwa umesainiwa miaka mingi nyuma, na tatizo ni kwamba unataja Nairobi peke yake. Kifungu cha 83 cha Mkataba wa Chicago kinazitaka nchi zisajili mikataba yao kwa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga lenye makao Montreal, kwa hiyo pa kuanzia papo. Uliza KCAA na wizara ya uchukuzi. Uliza pia hati za maelewano na kumbukumbu za majadiliano zilizofuata, kwa sababu idadi ya safari aghalabu hubadilishwa humo huku mkataba wenyewe ukibaki ulivyo.

Ukishazipata, angalia mambo mawili: haki zipi zimetolewa, na zipi zimetumika. Pengine nchi ile ina safari 14 kwa wiki na inatumia 5. Hapo huna sababu ya kuomba mazungumzo mapya. Kazi yako ni kwenda kuliuliza shirika kwa nini haliji. Watu wengi huruka swali hili wakaenda kupigania mlango ulio wazi.

Hatua ya 3: Panga ujumbe na mpate maelekezo

Ombi la mazungumzo hupitia njia za kidiplomasia, wizara ya mambo ya nje ikiandika noti kwa wenzao. Ujumbe wa Kenya huhitaji watu wa wizara ya uchukuzi, KCAA, mambo ya nje, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, wa viwanja vya ndege, na mashirika yetu ya ndege kama washauri. Ningeongeza utalii na biashara, na kama Mombasa iko mezani, mtu wa Pwani mwenye zile namba za Hatua ya 1. Msiombe kiti siku mbili kabla ya mkutano. Peleka karatasi ya kurasa tatu miezi mitatu kabla, yenye namba, njia mnayoitaka na miezi.

Ujumbe usiondoke bila maelekezo yaliyoidhinishwa: tunachotaka, tunachoweza kukubali, na mstari tusiovuka. Hapa ndipo mvutano wa ndani hutokea, na ni heri utokee Nairobi kuliko mbele ya wageni. Kenya Airways imejenga kazi yake kwenye kuunganisha abiria Nairobi. Shirika kubwa la nje likiruhusiwa kuja Mombasa kila siku, litabeba mtu kutoka Mombasa hadi kitovu chake, yaani uwanja linakounganishia safari zake, kisha limpeleke Ulaya au Asia. Hofu ya shirika letu ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Kuna ajira za Wakenya ndani yake. Lakini mimi sikubali Mombasa ifanywe kuwa malipo ya kuilinda Nairobi. Shirika letu likitaka kulindwa kwenye njia fulani, liseme njia ipi na kwa muda gani, na liseme kama lenyewe litairuka. Njia ambayo shirika letu halina nia ya kuiruka haina cha kulindwa.

Kama nchi mnazotaka kuzungumza nazo ni nyingi, tumieni mkutano wa majadiliano wa ICAO unaoitwa ICAN. Ulianza Dubai 2008, na Nairobi iliupokea Desemba 2018. Ujumbe mmoja hukutana na nchi nyingi katika jengo moja kwa siku chache.

Hatua ya 4: Zielewe haki unazouza na kununua

Wenyewe wanaziita uhuru wa anga. Wa kwanza ni kupita juu ya nchi bila kutua. Wa pili ni kutua kwa mafuta au matengenezo, bila kushusha abiria. Wa tatu ni kubeba watu kutoka nchi ya shirika hadi nchi nyingine, na wa nne kuwarudisha. Hizi mbili ndizo mwili wa mkataba wowote.

Wa tano ndio wenye kelele. Ni haki ya shirika kubeba abiria au mizigo kati ya nchi mbili zisizo zake, safari yenyewe ikiwa imeanza au inaishia kwao. RwandAir iliwahi kuunganisha Kigali na Dubai kupitia Mombasa. Ili iuze tiketi ya Mombasa–Dubai ilihitaji uhuru wa tano. Kumbuka kwamba haki ya namna hii hutaka mikataba miwili ikubaliane: Kenya ikubali, na nchi ya mwisho wa safari nayo ikubali. Ukipata upande mmoja tu, umepata karatasi.

Uhuru wa sita hauandikwi sana. Ni wa tatu na wa nne vikiunganishwa kwenye kitovu cha shirika: Mombasa–Addis Ababa, kisha Addis Ababa–Frankfurt. Ukimpa mtu wa kitovu kikubwa uhuru wa tatu na wa nne, umempa na wa sita, hata usipoutaja.

Ndani ya Afrika, Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999 unafungua uhuru wa kwanza hadi wa tano bila kikomo cha safari, na soko la pamoja la anga la Afrika lilizinduliwa Addis Ababa Januari 2018. Kenya imo. Ukikutana na nchi nyingine iliyomo, mazungumzo yaanzie hapo, yasianzie kwenye mkataba wa zamani. Hata hivyo nchi nyingi bado hukaa mezani kujadili idadi, kwa hiyo usiingie ukidhani kila kitu kimekwisha.

Hatua ya 5: Kiambatisho cha njia

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako zote. Mkataba una vifungu ishirini na kitu vinavyofanana na vya mikataba mingine duniani. Kinachoamua ndege itatua wapi ni ukurasa mmoja au miwili nyuma, jedwali la njia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jedwali hili ndilo daftari.

Chukua mfano wa jedwali kama mtakavyoletewa na upande wa pili:

*Kuanzia: pointi yoyote nchini mwao. Pointi za kati: yoyote. Pointi za Kenya: Nairobi, Mombasa. Pointi za mbele: zitakazokubaliwa. Safari: 14 kwa wiki.*

Pointi ni miji ambako ndege inaruhusiwa kutua: za kati ziko njiani kabla ya Kenya, za mbele ziko baada yake. Mtu wa Pwani akiisoma anafurahi, jina letu limo. Lakini zitazame zile 14. Zimewekwa kapu moja. Shirika litaziweka zote Nairobi, kwa sababu huko kuna wafanyabiashara, wanadiplomasia na mizigo ya maua. Mombasa imeandikwa na haitapata hata moja, na mwaka kesho upande wa pili utarudi kuomba nyingine 7 "kwa ajili ya Kenya", nazo zitakwenda kule kule.

Andikeni hivi:

*Nairobi: safari 14 kwa wiki. Mombasa: safari 7 kwa wiki, ambazo hazihesabiwi ndani ya safari za Nairobi na haziwezi kuhamishiwa Nairobi.*

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Sasa shirika likitaka kukua Kenya baada ya kujaza Nairobi, njia iliyobaki ni kuja kwetu. Mkiweza, endeni mbali zaidi: Mombasa bila kikomo cha idadi. Ukifungua Mombasa peke yake, hofu ya kitovu cha Nairobi hupungua kidogo, na serikali huweza kukubali kwa Pwani jambo ambalo isingelikubali kwa nchi nzima.

Kuna njia nyingine: ndege moja kugusa miji yote miwili katika safari moja. Inatoka Ghuba, inashusha Nairobi, inaendelea Mombasa na waliobaki, kisha inarudi. Inapunguza hatari kwa shirika linaloanza. Lakini iandikwe wazi kwamba haliwezi kuuza tiketi ya Nairobi–Mombasa peke yake. Kifungu cha 7 cha Mkataba wa Chicago kinaipa kila nchi haki ya kukataza wageni kufanya usafiri wa ndani, na mashirika yetu ya ndani yanaitegemea njia hiyo kwa chakula.

Ipo pia haki ya shirika kuuza, chini ya namba yake lenyewe ya safari, kiti cha ndege ya shirika lingine. Shirika la nje lisiloleta ndege yake Mombasa laweza kuuza tiketi mpaka Mombasa, kipande cha Nairobi–Mombasa kikirukwa na shirika la Kenya. Haigharimu ndege hata moja na yaweza kuanza mapema kuliko yote. Hakikisheni mkataba unaruhusu ushirikiano huo hata kwenye vipande vya ndani na kwa shirika la nchi ya tatu.

Mizigo iwe na safu yake. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, ikisema Kenya imelinyima Air Tanzania haki ya kubeba mizigo kwa uhuru wa tano. Mawasiliano ya kidiplomasia yalifanyika haraka na katazo likaondolewa kabla halijaanza kutumika. Ugomvi ulikuwa wa mizigo, na aliyekuwa karibu kuumia ni abiria. Andikeni uhuru wa mizigo peke yake, utajwe kwa namba, wa tano umo au haumo, na pointi zipi. Ningependekeza mizigo ya Mombasa iachwe huru kabisa: ndege ya mizigo haigombanii abiria na mtu.

Hatua ya 6: Vifungu vingine

Vifungu vya usalama wa safari na vya ulinzi dhidi ya utekaji vina maandishi ya kawaida ya ICAO. Vitumieni kama vilivyo, msipoteze nusu siku. Msamaha wa ushuru wa mafuta na vipuri, haki ya kuhamisha mapato kwenda nyumbani, ada za viwanja zisizobagua: hayo nayo yana mifano yake. Nauli siku hizi huachiwa mashirika, serikali zikiingilia pale zote mbili zitakapoikataa nauli.

Kimoja kinahitaji macho: umiliki. Mikataba ya zamani hutaka shirika liwe mali ya raia wa nchi iliyoliteua kwa sehemu kubwa, na liendeshwe nao. Sisi tuna sababu ya kulitazama hili, maana Kenya Airways yenyewe ilikuwa na KLM kama mwanahisa mkubwa tangu 1996. Shirika likitafuta mwekezaji wa nje, masharti makali ya umiliki yaweza kuligeuka. Afadhali kigezo cha mahali shirika lilipo na makao yake makuu ya kazi, ambacho Uamuzi wa Yamoussoukro unakikubali. Hakikisheni pia kila upande unaweza kuteua mashirika zaidi ya moja, la sivyo shirika la bei nafuu linalotaka Mombasa litafungiwa nje na ndugu yake mkubwa.

Mkataba ukiandikwa kwa lugha mbili, taja ipi itashika pakitokea tofauti.

Hatua ya 7: Mezani

Siku ya kwanza ni ya salamu, majina na ajenda. Kiongozi mmoja tu ndiye anayesema, wengine humpitishia vikaratasi. Mjumbe anayemrekebisha kiongozi wake mbele ya wageni ameuza siri bila kulipwa. Mkikwama, ombeni mapumziko. Mengi hutatuliwa kwenye chai, viongozi wawili wakiwa pembeni.

Upangeni mpango wa kutoa. Upande wa pili utaanza na Nairobi, kwa sababu ndiyo wanayoitaka:

"Tunaomba Nairobi iongezwe hadi safari 21."

Jibu lisiwe ndiyo wala hapana. "Mheshimiwa, tumelisikia ombi lenu na tunaliheshimu. Tungependa kwanza tukamilishe safu ya Mombasa, kisha tuone Nairobi inaweza kufika wapi." Ukishatoa Nairobi, huna tena kitu mkononi cha kuwavuta kuja Pwani. Mpangilio wa kutoa una thamani kama idadi yenyewe.

Kila jioni mkae na rasimu, mistari iliyokubaliwa ifungwe, isiyokubaliwa iwekwe kwenye mabano. Mwisho viongozi hutia herufi za majina yao kwenye mkataba, na kusaini kumbukumbu za majadiliano. Pigania kumbukumbu hizo ziseme haki za kiambatisho zianze kutumika mara moja kiutawala huku mkataba ukisubiri taratibu. Bila sentensi hiyo, msimu mzima wa kaskazi unaweza kupita karatasi ikiwa inazunguka maofisini.

Hatua ya 8: Baada ya kusaini

Katiba ya 2010, ibara ya 2(6), inaufanya mkataba ulioridhiwa na Kenya kuwa sehemu ya sheria zetu, na Sheria ya 2012 ya Kuunda na Kuridhia Mikataba inaeleza ni ipi inapaswa kupita kwenye utaratibu huo kamili. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ndiyo ya kuulizwa mkataba wenu uko fungu gani. Kisha noti za kidiplomasia hubadilishwa na nakala husajiliwa ICAO.

Baada ya hapo shirika huteuliwa na serikali yake kwa barua, na linaomba kibali cha kuendesha kwa KCAA. Haki imepatikana, ndege bado. Barabara ya kurukia ya Moi ina urefu wa mita 3,350, ndege kubwa zinatua. Kitakacholileta shirika ni hesabu ya bei ya mafuta, ada na viti vitakavyojaa. Wenye hoteli na kaunti wanapaswa kukutana na wapanga ratiba wa shirika ndani ya wiki chache, wakiwa na zile zile namba za Hatua ya 1 na ahadi za viti wanazoweza kuzitimiza, hasa kwa miezi ya masika.

Omba nakala ya kiambatisho na uihifadhi. Kila ratiba mpya ikitoka, Machi na Oktoba, linganisha safari zilizoandikwa kwa Mombasa na zinazorukwa. Zikikaa misimu miwili bila kuguswa, iandikie KCAA na wizara, taja njia na idadi iliyolala, na uombe haki hizo zifunguliwe kwa shirika lingine la nchi ile ile katika mashauriano yanayofuata.